Kulungu wanaokuja uani Marekani: tuwalishe au tuwaache?

Ukinunua nyumba yenye uwanja mpana Minnesota, Ohio, Michigan au Maine, hasa ukipakana na msitu, haichukui muda kabla hujapata wageni. Kulungu hutoka alfajiri na magharibi, jike na watoto wake wawili, wakatafuna maua ya mbele ya nyumba huku wakikutazama dirishani. Januari ikifika, theluji ikiwa magotini na vichaka vimebaki vijiti vitupu, mtu aliyelelewa kwamba mgeni haachwi na njaa huona vibaya kufunga pazia na kukaa. Dukani nako kuna magunia ya mahindi ya kilo 22 yaliyochorwa kulungu mwenye pembe pana. Jirani wa kulia anasema wamwagie. Wa kushoto anasema utapigwa faini. Ndugu aliyeko Texas anasema kwao watu wanawalisha mwaka mzima na hakuna tatizo.

Mkanganyiko huu una sababu zake. Sheria hazifanani kutoka jimbo hadi jimbo, wauzaji wanatangaza biashara yao, na kulungu aliyejaza tumbo kwa mahindi haonekani mgonjwa saa ileile. Anapoanza kuugua ameshaondoka uani kwako. Jibu langu nalitanguliza: kwa mwenye nyumba wa kawaida, kulisha kulungu kunaleta madhara kuliko msaada, hata pale sheria inaporuhusu. Huruma hiyo ina pa kwenda, na nitaonyesha ni wapi, lakini si kwenye gunia la mahindi.

Tunazungumzia nini hasa

Kulungu wa makala hii ni yule wa Amerika Kaskazini mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye dume wake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuotesha nyingine. Si yule wa vichaka vya Afrika Mashariki. Magharibi mwa Marekani yupo mwenzake mwenye masikio makubwa, na pia elki, mnyama wa ukoo huohuo ila mkubwa zaidi. Karibu yote nitakayoyasema yanawahusu wote.

Neno "kulisha" nalo hubeba mambo manne ambayo watu huyachanganya. Kuna kulisha kwa kawaida: unamwaga nafaka, matunda au mabaki ya chakula ili wanyama waje. Kuna chambo, yaani chakula kinachowekwa ili mnyama aje apigwe risasi wakati wa msimu wa kuwinda. Kuna ulishaji wa dharura, unaofanywa na serikali ya jimbo wakati baridi imezidi kiasi cha kutishia kundi zima. Na kuna shamba la malisho, ambapo mtu hupanda mimea ardhini na kuwaachia kulungu waile ikiwa bado imesimama. Sheria hushughulikia kila moja kivyake. Mtu akikwambia "inaruhusiwa", muulize ni ipi kati ya hizo.

Tumbo lisilopokea chakula cha ghafla

Kulungu hucheua kama ng'ombe na mbuzi. Tumbo lake lina vyumba vinne, na cha kwanza, ambacho ndicho kikubwa, kimejaa bakteria na vijidudu vingine vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyomeng'enya majani na vijiti. Kulungu mwenyewe anaishi kwa kile ambacho vijidudu hivyo vinamtolea. Jambo la kukumbuka ni kwamba vijidudu hivyo hubadilika kulingana na msimu. Wakati wa kiangazi, yaani majira ya joto ya huko, wanaotawala ni wale wa majani mabichi. Vuli, majira ya majani kupukutika, inapopita na kulungu akahamia kwenye vijiti, machipukizi makavu, magome na majani ya mierezi, vijidudu vya kumeng'enya vitu hivyo huongezeka na vile vya wanga hupungua. Mabadiliko hayo huchukua wiki 2 hadi 4.

Sasa chukua kulungu ambaye tangu Desemba anakula vijiti, umwagie ndoo ya mahindi. Atakula, tena kwa pupa, kwa sababu mahindi ni matamu. Wanga ule hukuta tumbo ambalo halina vijidudu vya kuumeng'enya kwa utaratibu. Bakteria wachache wanaopenda wanga huzaliana kwa kasi na kutoa asidi ileile inayochachusha maziwa. Asidi ikizidi, kipimo cha pH tumboni kikashuka chini ya 5.5, vijidudu vizuri hufa, ukuta wa tumbo huungua, maji ya mwilini huvutwa kuingia tumboni, na asidi hupenya hadi kwenye damu. Mfugaji wa Singida au Kajiado anaijua hali hii vizuri sana: ndiyo inayompata ng'ombe aliyevunja ghala usiku akajaza tumbo kwa nafaka. Asubuhi amelala, hacheui, anaharisha maji yenye harufu ya uchachu, akisimamishwa anayumba. Tofauti ni kwamba ng'ombe yuko zizini, utamwona na kumwita daktari wa mifugo. Kulungu hurudi msituni na kufa huko ndani ya siku 1 hadi 3. Aliyemlisha anabaki akiamini amemsaidia.

Yule anayenusurika mara nyingi hubaki na kwato zilizovimba na kuota vibaya, akawa anachechemea mbele ya mbwa na mbweha wakubwa wa huko. Wapo pia wanaokufa kwa njia nyingine inayofanana: wanga mwingi hulisha bakteria wa jamii ya Clostridium walioko kwenye utumbo, nao wakatoa sumu inayoua kwa haraka. Majira ya baridi ya mwaka 2015, katika mji wa South Hampton, New Hampshire, kulungu 12 walikutwa wamekufa, na uchunguzi wa wataalamu wa jimbo ulionyesha kuwa waliuawa na sumu ya namna hiyo, iliyotokana na chakula walichopewa na watu.

Mahindi yanatajwa sana kwa kuwa ndiyo yanayouzwa, lakini hesabu haibadiliki kwa mkate, mchele, chapati, ugali uliolala au maganda ya viazi. Vyote ni wanga. Matufaa na karoti vina sukari. Wengine, wakishasikia habari ya mahindi, hukimbilia nyasi kavu za ng'ombe wakidhani hizo ni salama. Nyasi hazimchomi tumbo, lakini hazimfai. Kulungu ni mla machipukizi, si mla nyasi. Tumbo lake ni dogo kulinganisha na la ng'ombe, na chakula hupita haraka. Wataalamu huwapasua kulungu waliokufa kwa njaa wakakuta tumbo limejaa nyasi kavu ambazo hazikuwa zimemeng'enywa.

Lakini si wanakufa kwa baridi?

Hili ndilo linalowagusa watu zaidi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa akitoka nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri anahisi hakuna kiumbe kinachoweza kuishi humo bila msaada. Kulungu ameumbwa kwa hali hiyo. Vuli nzima hula matunda ya mialoni na kujijazia mafuta chini ya ngozi, kiunoni na kuzunguka figo. Manyoya yake ya baridi yana uwazi ndani unaoshika hewa, kiasi kwamba theluji hukaa mgongoni mwake bila kuyeyuka. Mwili hupunguza mwendo: hutembea kidogo, hulala sana, na hula kidogo hata kama chakula kipo tele. Kulungu waliofugwa na kuwekewa chakula bila kipimo, nao hupunguza kula wenyewe miezi hiyo. Kulungu mzima anaweza kupoteza moja ya tano ya uzito wake au zaidi kufikia Machi, na bado akafika majira ya kuchipua akiwa hai.

Kwa hiyo mbavu zinazoonekana Februari hazina maana kwamba mnyama anakufa. Zinamaanisha anatumia akiba yake. Kinachommaliza ni kuitumia akiba hiyo ovyo, na hapo ndipo uwanja wenye mahindi unapomponza. Kulungu wa kaskazini hujikusanya chini ya miti minene yenye majani ya kudumu, kama mierezi na misonobari, ambako theluji ni kidogo na upepo haupiti. Chakula uani kinamtoa humo, kinamtembeza kilomita kadhaa kwenye theluji nzito kwenda na kurudi, na mara nyingi kinamvusha barabara. Akifika, anakuta wenzake 15. Madume na majike makubwa hutangulia, wakawapiga kwato wadogo. Watoto wa mwaka ule, ambao kweli akiba yao ni ndogo, ndio wanaosimama pembeni. Umemwaga chakula kwa ajili ya yule mdogo uliyemwona dirishani, kimeliwa na asiyekihitaji.

Ni kweli kwamba baridi kali ikirefuka, baadhi hufa, hasa watoto na wazee. Inaumiza kuliona hilo. Lakini msitu una kiasi chake cha kulisha, na jike aliyeshiba vizuri huzaa mapacha. Ukiongeza chakula kwa mkono, idadi hupanda kuliko msitu unavyoweza kubeba. Baada ya miaka michache utaona mstari wa wazi kwenye miti, chini yake hakuna jani hata moja mpaka urefu ambao kulungu anafikia, na miche ya miti haikui tena. Wanaokufa kwenye baridi inayofuata wanakuwa wengi zaidi ya wale uliotaka kuwaokoa. Ikumbukwe kuwa mnyama huyu si adimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji ulikuwa umempunguza akabaki laki kadhaa tu Marekani nzima. Leo wanakadiriwa kufikia milioni 30.

Magonjwa ya kukutana pua kwa pua

Kama tatizo lingekuwa tumbo peke yake, mtu angeweza kusema atalisha kidogo kidogo kwa uangalifu. Magonjwa ndiyo yanayonifanya nisiikubali hoja hiyo.

Kwenye mabango ya barabarani na matangazo ya idara za wanyamapori utaona herufi CWD. Ni ugonjwa sugu unaomkondesha kulungu mpaka afe. Hausababishwi na bakteria wala virusi. Chanzo chake ni prioni, yaani protini ya mwili iliyokunjika vibaya ambayo ikigusana na protini nyingine za aina yake huzikunja nazo vilevile, hadi ubongo ukatoboka matundu. Uligunduliwa mwaka 1967 kwa kulungu waliokuwa wakifugwa katika kituo cha utafiti Colorado. Mwaka 1981 ukaonekana kwa elki wa porini. Leo uko katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani na katika mikoa kadhaa ya Kanada, na mwaka 2016 ulikutwa Norway. Hakuna dawa, hakuna chanjo, na hakuna mnyama anayepona.

Mambo mawili kuhusu ugonjwa huu yanafanya ulishaji uwe hatari. La kwanza ni muda: kulungu aliyeambukizwa hukaa kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili bila dalili yoyote, huku mate, mkojo na kinyesi chake vinatoa prioni. Yule mzuri mwenye manyoya yanayong'aa anayekula mahindi yako anaweza kuwa tayari anao. La pili ni udongo: prioni haiozi kwa urahisi, hukaa ardhini kwa miaka. Mahali ulipomwaga chakula msimu huu panaweza kuambukiza watoto wa kulungu ambao hawajazaliwa bado. Mawe ya chumvi na madini yanayouzwa ili kulungu wayalambe yana tatizo hilohilo, tena zaidi, kwa sababu wanyama hulamba jiwe na kula udongo uliolowa chini yake.

Watu huuliza: si wanagusana wenyewe porini? Wanagusana, ila kwa familia. Jike, binti zake na watoto wao hulambana, lakini hawachangamani kila siku na familia za upande wa pili wa mto. Tena chakula cha porini kimetawanyika: kijiti kikishaliwa kimekwisha, hakuna anayerudi kukitafuna kesho. Ndoo ya mahindi inawaleta makundi yasiyojuana kwenye eneo la mita chache, kila jioni, midomo ikichota kwenye punje zilizobaki kwenye mdomo wa mwingine.

Michigan imeshalilipia jambo hili. Mwaka 1994 kulungu aliyewindwa kaskazini mashariki mwa jimbo hilo alikutwa na kifua kikuu cha ng'ombe, ugonjwa uleule unaotufanya tuchemshe maziwa. Ilionekana kwamba malundo ya chakula yaliyokuwa yakimwagwa kwa ajili ya kuwinda na kuwatunza kulungu yalikuwa yanausambaza na kuuendeleza, na ukawarudia ng'ombe wa wafugaji. Kulisha kulikatazwa katika wilaya zilizoathirika, lakini ugonjwa haujatoka moja kwa moja mpaka leo.

Kuhusu binadamu: hakuna mtu anayejulikana kupata CWD kwa kula nyama ya kulungu. Hata hivyo ushauri wa mamlaka za afya za Marekani ni kwamba nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao isiliwe, na kupika hakuiondoi prioni. Ukiletewa zawadi ya nyama ya kulungu na rafiki aliyewinda katika eneo lenye ugonjwa huu, uliza kama mnyama alipimwa. Wawindaji wazoefu hawachukii swali hilo.

Sumukuvu haijabaki nyumbani

Wasomaji wengi wanalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125. Mwaka 2016 iliua tena Dodoma na Manyara. Kuvu wale wale wako kwenye mahindi ya Marekani, hasa ya majimbo yenye joto. Mahindi ya chakula cha binadamu huko hayaruhusiwi kuvuka sehemu 20 za sumukuvu kwa bilioni (kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kikali zaidi, 10). Lakini hata gunia lililotoka dukani likiwa safi, ukilimwaga kwenye udongo wenye unyevu, au ukaliacha ndani ya ngoma ya plastiki inayopigwa jua, kuvu huota. Punje zilizobaki chini zikawa za kijani au nyeusi ndizo mbaya zaidi. Kulungu wenyewe wanaweza kustahimili kiasi, ila ndege kama bata mzinga wa porini na kware, ambao hufuata punje zilizoanguka, ni dhaifu sana kwa sumu hii.

Barabara na kupe

Hapa nitapita haraka. Makampuni ya bima ya Marekani hukadiria zaidi ya ajali milioni moja za magari na wanyama kila mwaka, nyingi zikiwa za kulungu, na miezi mibaya ni Oktoba hadi Desemba, saa za giza kuingia na kutoka. Chakula uani kinaongeza idadi ya mara wanazovuka barabara iliyo mbele yako. Na kupe wenye miguu myeusi, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme (maambukizi ya bakteria yanayowapata binadamu), huhitaji kulungu ili waliokomaa wapate damu ya kutaga mayai. Maambukizi yenyewe kupe huyachukua zaidi kwa panya, ambao nao hufuata nafaka iliyomwagika. Uwanja ambao watoto wako wanacheza kiangazi unakuwa umekutanisha wote watatu.

Sheria, na hoja zinazosikika sana

New York imekataza kulisha kulungu jimbo zima. Colorado na Vermont pia wamekataza. Michigan ilikataza katika rasi yote ya kusini kuanzia mwaka 2019. Minnesota na Wisconsin hukataza wilaya kwa wilaya, kufuata mahali CWD ilipoonekana, kwa hiyo orodha hubadilika. Iliyokuwa sahihi mwaka juzi huenda leo si sahihi. Texas inaruhusu. Florida inakataza hasa kwa kulungu wadogo wa visiwa vya kusini ambao wako hatarini kutoweka. Manispaa nazo zinaweza kuwa na katazo lake hata pale jimbo linaporuhusu. Usitegemee maneno ya jirani wala ya mwenye duka. Fungua tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo lako, au piga simu, uulize kwa jina la wilaya unayoishi. Kuuzwa kwa mahindi dukani hakuthibitishi lolote: gunia ni halali kuuzwa, kulimwaga ndiko kunakoweza kuwa kosa.

Ndugu wa Texas hadanganyi kuhusu anachokiona. Kwenye mashamba makubwa ya huko wanyama hulishwa mwaka mzima, kwa hiyo matumbo yao yamezoea, na wenye mashamba hutumia vidonge vya chakula vyenye protini ya asilimia 16 hadi 20, si mahindi matupu ambayo yana asilimia 8 hadi 10 tu. Lengo lao ni biashara ya uwindaji na pembe kubwa. Lakini kusema hakuna tatizo si kweli: CWD ilikutwa Texas mwaka 2012 na imeendelea kujitokeza.

Wengine hutaja Wyoming, ambako elki hulishwa na serikali yenyewe. Ni kweli, karibu na mji wa Jackson kuna hifadhi ya elki iliyoanzishwa mwaka 1912, baada ya mji na mashamba ya ng'ombe kuziba njia zao za kushukia mabondeni. Mkusanyiko ule umewaletea brusela, ugonjwa wa kutupa mimba ambao wafugaji wetu wanaujua, na CWD nayo imeshafika katika eneo hilo. Wanaosimamia ulishaji huo wamekuwa wakitafuta namna ya kuupunguza bila kuua maelfu ya elki waliozoea. Mimi nauona mfano ule kama onyo.

Na wapo waliotazama video za Nara, Japani, watalii wakiwapa kulungu biskuti nao wakiinamisha vichwa. Biskuti zile hutengenezwa kwa pumba za mchele na unga wa ngano, bila sukari, na ni kionjo tu; chakula chao ni nyasi za bustani. Hata hivyo mwaka 2019, katika kulungu 14 waliokufa ndani ya miezi michache, 9 walikutwa na plastiki tumboni, mmoja akiwa na kilo 4.3. Walikuwa wamejifunza kwamba kinachotoka mkononi mwa mtu ni chakula.

Ulishaji wa dharura una nafasi yake. Majira ya baridi ya 2007 hadi 2008, Colorado waliwalisha kulungu wa bonde la Gunnison kwa chakula kilichotengenezwa maalumu kwa matumbo yao, kikasambazwa sehemu nyingi, chini ya wataalamu. Jambo hilo halifanyiki kwa ndoo moja uani.

Ukitaka kuwasaidia

Ardhi yako ndiyo msaada. Kama una hata nusu ekari ya miti, unaweza kufanya zaidi ya magunia 20.

Kwanza linda miti yenye majani ya kudumu. Mwerezi mweupe wa kaskazini ni chakula bora cha baridi na pia ni paa lao, usiukate. Iache mialoni, hasa ile mikubwa inayozaa sana. Kisha, Januari au Februari, kata miti michache midogo isiyo na thamani uiache ilale pale ilipoanguka: vilele vyake vimejaa machipukizi ambayo kulungu alikuwa hayafikii, na ni chakula ambacho tumbo lake la msimu ule tayari linakijua. Mwanga utakaoingia hapo utaotesha vichaka vipya kiangazi. Ukipanda miche, izungushie waya wa urefu wa mita 1.5 au zaidi, vinginevyo itaisha kabla haijashika mizizi.

Mwenye nafasi wazi anaweza kupanda klova nyeupe, mmea wa jamii ya kunde unaodumu miaka kadhaa. Pima udongo kwanza. Klova inataka pH ya 6 hadi 7, na udongo mchachu unahitaji chokaa miezi kadhaa kabla. Kiasi cha mbegu ni kilo 6 hadi 9 kwa hekta, yaani kama kilo 1.2 hadi 1.8 kwa nusu ekari. Zitawanye juu ya udongo mwishoni mwa Februari au Machi, wakati usiku unagandisha na mchana unayeyusha. Mwendo huo wa ardhi ndio unaozizamisha. Kosa la kawaida ni kuzifukia: mbegu ni ndogo mno, ikizidi nusu sentimita chini haitoki. Shamba la namna hii limetawanya chakula na linaruhusiwa katika majimbo mengi, lakini uliza.

Funga mbwa wako majira ya baridi. Kulungu akikimbizwa mara chache kwenye theluji nzito anachoma akiba ya siku nyingi. Na kama una kilisha ndege, kiinue angalau futi 6, ufagie mbegu zinazoanguka, kwa sababu mbele ya sheria ya maeneo yenye katazo mbegu hizo zinaweza kuhesabiwa kama chakula cha kulungu.

Mei na Juni kuna mtego mwingine. Utamkuta mtoto wa kulungu mwenye madoa amejikunja kwenye nyasi, peke yake, hasogei. Hajatelekezwa. Mama humficha na kwenda mbali makusudi ili harufu yake isiwavute wanyama wala nyama, akarudi kumnyonyesha mara chache kwa siku, hasa alfajiri na jioni. Usimpe maziwa ya ng'ombe. Yatamharisha, na kwa umri ule kuharisha kunaua. Ondoka, zuia watoto na mbwa. Ikiwa analia bila kukoma, ana jeraha, au umemwona mama amekufa barabarani, piga simu idara ya wanyamapori.

Kama umeshaanza

Ikiwa jimbo au wilaya yako inakataza, acha leo. Pale panaporuhusiwa, na ikiwa ni katikati ya baridi huku umelisha kwa wiki nyingi, punguza kiasi taratibu kwa wiki 2 au 3 ili matumbo yarudi kwenye vijiti, na usianze tena vuli ijayo. Wakati huo wa kupunguza, tawanya chakula eneo pana badala ya kukilundika, hamisha mahali kila mara, weka mbali na barabara, na usiweke zaidi ya kinacholiwa siku hiyo.

Ukimaliza, kwangua punje na mabaki yote pamoja na udongo wa juu uliochanganyika nayo, ukivaa glavu, uyatie kwenye mfuko uliofungwa na kuyaweka kwenye pipa la taka lenye mfuniko. Ondoa jiwe la chumvi na udongo uliolambwa chini yake. Punje zilizoota kuvu usiwape kuku wala mbuzi. Ukimwona kulungu amekonda sana, anadondosha mate, masikio yamelegea na haogopi watu, usimkaribie. Andika mahali na saa, ikiwezekana piga picha ukiwa mbali, na uwapigie idara ya wanyamapori siku hiyohiyo.